Msiba Hauko Popote, Tunakwenda Ziwani

Pale Makambako, mtu na mkewe wakionekana alfajiri wamekaa mbele kwenye gari, wamevaa makoti, na nyuma kuna koleo, kamba na dumu la maji, jirani huuliza swali moja tu: msiba uko wapi? Mama mmoja wa mtaani kwetu alivuka barabara mbiombio akiwa amejitanda khanga, tayari kutupa pole. Nilipomwambia hakuna aliyefariki, kwamba mimi na Baba Neema tunakwenda Lupingu kuliona ziwa na kurudi usiku, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kuna biashara gani huko?"

Simlaumu, ndivyo tunavyoishi. Mume na mke wa huku kwetu husafiri pamoja wakienda kuzika, wakienda harusini, wakienda kumbatiza mjukuu au wakipeleka mgonjwa hospitali. Siku nyingine zote kila mmoja ana njia yake: baba yuko kwenye mbao au gereji, mama yuko sokoni na magunia yake. Gari la nyumbani ni la mzigo. Kulijaza mafuta ili watu wawili washinde nalo kutwa wakitazama maji, wengi wetu tunaona ni mambo ya wazungu, au ya vijana ambao hawajaanza kulipa ada. Mimi nauza viazi, ada nimelipa na bado nalipa, na ninasema jambo hili ni letu. Tena mkoa wetu unapata hasara kwa sababu hatulifanyi.

Makambako inatazama lami. Mji umekua kwa sababu ya njiapanda: barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inapita katikati yake, ya Songea inaachana nayo hapo, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa kwa serikali zetu mwaka 1976, ina stesheni hapa hapa. Muulize kijana yeyote wa stendi nauli ya Tunduma, atakujibu hujamaliza kusema. Muulize Lupingu, atakuuliza kama ni Malawi. Na Lupingu iko wilaya ya Ludewa, ndani ya mkoa huu huu wa Njombe tuliopewa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Iringa. Ziwa Nyasa ndilo ukingo wa mkoa wetu upande wa machweo. Lina kina cha karibu mita 700 na mamia ya aina za samaki, wengi wao hawapatikani penginepo duniani. Watu wa Makambako tumefika Kariakoo mara nyingi, lakini ziwa la nyumbani tunalijua kwa samaki wakavu wanaoletwa sokoni.

Basi tuliondoka. Mwezi Juni Njombe hukutana nawe kwa baridi ya kukata masikio; umande huganda kuwa barafu kwenye majani ya viazi, na mkulima huamka na kwenda shambani kuangalia kilichoungua. Tulichepuka Itoni kushika njia ya Ludewa kukiwa hakujapambazuka vizuri. Miti ya mbao upande huu, parachichi upande ule, ukungu katikati. Kutoka Lusitu hadi Mawengi, kilomita 50, barabara imemwagwa zege, na hapo nasifu bila kubakiza. Milima ile na mvua zake zingeibandua lami mapema. Zamani lori likikwama pale masika, watu walilala njiani na kupika pembeni ya barabara. Sasa mama mwenye mgonjwa anapita.

Kuna mahali katika vilima vile Baba Neema alisimamisha gari akaniambia nishuke nitazame. Mume wangu alifanya kazi ya reli mpaka akastaafu, na mtu wa reli hupenda kujua kila kitu kinaelekea wapi. Akaninyooshea mkono. Mvua inayonyesha mashariki ya Njombe huingia Ruhudji, Ruhudji hushuka Kilombero, Kilombero huingia Rufiji na kufika bwawa la Nyerere, ambako tunategemea megawati 2,115 za umeme. Mvua ya upande wa Wanging'ombe na Mbarali hushuka Usangu kuitafuta Ruaha Mkuu. Na hii ya hapa tuliposimama huingia Ruhuhu, ikamwagika Ziwa Nyasa kule Manda, kisha hutoka kwa mto Shire kwenda Zambezi. Nimeishi na mvua hizo maisha yangu yote, nikazilaani zilipoozesha viazi vyangu, na sikuwahi kufikiria kwamba matone ya mawingu yale yale yanaweza kuachana hivyo, moja likaenda kuwasha taa Dar es Salaam na jingine likapita Malawi na Msumbiji.

Mabondeni tuliona vinyungu, vishamba vya bonde lenye unyevu, vya kijani kibichi wakati vilima vyote vimekauka. Mama yangu alitulea kwa kinyungu: mahindi ya kuchoma ya Oktoba, maharage mabichi wakati wenzetu wamebakiwa na magunia matupu. Kwa hiyo simsikilizi mtu anayemwita mkulima wa kinyungu adui wa maji bila kumuuliza atakula nini. Lakini niliona pia mahali ambapo jembe limefika hadi mdomoni mwa kijito, udongo mweusi ukimomonyoka na kuingia majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 ziachwe kutoka kingo za mto na za ziwa. Na sababu yake niliielewa vizuri nilipofika chini, kwa wavuvi. Mbasa, samaki tunayemgombania sokoni, anaishi ziwani lakini hupanda mitoni kutaga mayai kwenye changarawe safi. Mto ukijaa tope hana pa kutagia. Mkulima wa juu na mvuvi wa chini hawajuani, ila wanakula mto mmoja, na sijui ni lini mtu amewahi kuwakalisha pamoja.

Kutoka Ludewa mjini kushuka Lupingu ndiko safari yenyewe. Unaacha baridi juu, na kila baada ya kona chache unavua nguo moja. Njia inashuka na mlima, mawe upande mmoja, bonde upande mwingine, na mbele ziwa linajitokeza na kupotea. Dereva anayetegemea breki peke yake hapo hafiki. Baba Neema alishika gia ya kwanza na kuing'ang'ania, na mara mbili tatu tulisimama breki zipoe, tukala viazi vya kuchemsha tukiwa tumekaa kwenye jiwe.

Kisha tukakuta kijito kinachokata barabara. Maji hayakuwa mengi, lakini yalikuwa yanakimbia na chini hapaonekani. Nilikunja kitenge hadi juu ya magoti, nikavua viatu, nikaingia na fimbo. Upande wa kushoto fimbo ilizama hadi kwenye kiwiko. Upande wa kulia ilikutana na mawe, imara, kina chini ya goti. Kijana aliyekuwa anapita na baiskeli akanisaidia kutafuta mstari: ingieni juu kidogo, mtoke chini pale penye mkuyu. Nikasimama ng'ambo na kuanza kumwita mume wangu kwa mkono. Kulia. Kulia tena. Nyoosha. Njoo, njoo, usisimame, usisimame! Aliingiza fowili na kuja polepole bila kuinua mguu, macho yake kwangu, maji yakisukuma matairi.

Tumeoana tangu enzi za Mzee Mwinyi, na mambo ya gari nyumbani ni yake, kama mambo ya sokoni yalivyo yangu. Pale mtoni hakuweza kuona mbele ya boneti. Ilibidi aamini mkono wangu, na mimi ilibidi niwe na hakika na nilichopima. Wenye ndoa changa wanalipia semina ili wafundishwe jambo hilo. Na baada ya hapo mazungumzo yalibadilika. Simu hazikushika mtandao, mteja wa Iringa hakuweza kunipigia kuuliza bei ya gunia. Baba Neema akaniambia kwamba usiku, treni ikipiga honi stesheni, huwa anaamka na kuhesabu mabehewa kwa mlio wake mpaka liishe la mwisho, kisha anajiuliza nani yuko zamu. Nimelala kitanda kimoja naye miaka yote tangu astaafu, na sikujua. Nyumbani angeniambia saa ngapi? Kati ya kufunga duka na taarifa ya habari?

Lupingu tulipokelewa vizuri kupita kiasi. Kina mama walikuwa wanaanika usipa, samaki wadogo, kwenye vichanja, wanawageuza kwa viganja ili wakauke sawasawa, na mmoja wao, mtu mzima kunizidi, alinitengea mahali kivulini nikae naye. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia na kuniuliza tumetoka wapi. Nilipotaja Makambako alicheka kwa furaha. Alisema watu wa huko anawafahamu kama wanunuzi, huja na gari, hupakia na kuondoka. Mtu na mkewe waliokuja kukaa tu hajawaona. Ndiye aliyenieleza habari za vijiji vya kaskazini, upande wa kata za Lumbila na Kilondo, ambako kwa miaka mingi njia imekuwa boti. Mlima unaingia moja kwa moja majini. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusi hupiga, mawimbi huinuka, na mjamzito mwenye uchungu hungoja ziwa litulie. MV Mbeya II ilijengwa Kyela kwa ajili ya abiria wa mwambao huu, lakini uchungu wa kuzaa haungoji ratiba ya meli.

Hapo ndipo neno langu lilipo. Makambako tunapiga kelele kuhusu vibanda vya soko, ushuru na maegesho ya malori, na tunasikilizwa, maana wenye sauti wanaishi penye matatizo hayo. Mwambao wa Ludewa hauna watu wa kuusemea huku juu, kwa sababu hatujawahi kukanyaga mchanga wake. Sisi ni mkoa mmoja, lakini mtu hawezi kupigania barabara asiyojua inakwenda wapi. Mimi tangu siku ile nikisikia bajeti ya barabara inasomwa, natega sikio nisikie Lupingu na Kilondo. Mume wangu vile vile. Tukiwa wanandoa mia wenye masikio ya namna hiyo, madiwani na wabunge wataulizwa maswali ambayo leo hawaulizwi.

Wako watakaosema tungoje lami kwanza, utalii uje baadaye. Tangu filamu ya The Royal Tour itoke mwaka 2022 tumezoea kudhani mtalii ni mgeni anayeshuka KIA au Zanzibar, na sisi kazi yetu ni kumsubiri. Hata Kitulo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005 na maua yake yote, wenyeji wengi wa Njombe wanaijua kwa kalenda. Mtalii wa nyumbani hahitaji hoteli ya nyota. Mimi nilihitaji kibao kinachosema njia ya ziwani ni hii, na choo kisafi kule ufukweni ambacho ningelipia kwa moyo mkunjufu. Nilihitaji kijana wa kijiji aliyetambuliwa na serikali ya kijiji, mwenye risiti, kama yule wa kwenye kijito, anayejua mstari wa kuvukia na anayepata chochote kwa ujuzi huo. Halmashauri zinaweza hayo mwaka huu huu.

Na sisi wenye magari tuna wajibu. Nimeona watu wakiingiza gari katikati ya mto na kuliosha huku muziki unapiga, oili na sabuni vinashuka kwa mama anayeteka maji chini. Mto unavukwa pale njia ilipo, mara moja, kisha unaendelea. Chakula kileni mbali na ukingo, na plastiki zote zirudi na ninyi mjini.

Asiye na gari apande basi la Ludewa, alale pale, asubuhi ashuke kwa bodaboda. Sisi tulipishana na wengi waliofanya hivyo kwa shughuli zao. Nendeni kati ya Juni na Oktoba, mvua zikiwa zimekatika. Jazeni mafuta Ludewa mjini kabla ya kushuka, kagueni breki na tairi la akiba, bebeni kamba na koleo. Makoti msiyaache, maana usiku mtayahitaji tena mkipandisha Mawengi. Samaki nunueni pale pale kwa wanaoanika, kwa bei wanayosema. Nami ni mfanyabiashara, najua gharama ya kumfikisha samaki Makambako, kwa hiyo sikuomba kupunguziwa. Sisi mwakani tunataka kufika Manda, tuvuke daraja la Ruhuhu tutokee Lituhi upande wa Ruvuma, turudi kupitia Songea. Baba Neema ameshaanza kuulizia hali ya njia, na nimemwambia jirani yetu kwamba nyuma kuna nafasi ya wawili, yeye na mumewe.