Medali Si Risiti

Nina medali moja tu maishani. Inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, pamoja na mwavuli na mkoba wa sokoni. Niliipata kwa kukimbia kilomita 21 kwa ajili ya watoto njiti, na kila nikiiona napandwa na hasira. Hadi leo sijui kilomita zangu zilinunua nini.

Mdogo wangu alijifungua akiwa na ujauzito wa wiki 31. Mtoto hakufika hata kilo moja na nusu. Mama alikuwa hajiwezi, kwa hiyo muuguzi wa zamu alinivua blauzi, akamweka mtoto kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, akatufunga pamoja kwa khanga. "Mama mkubwa, usimlaze," akaniambia. "Leo wewe ndiye joto lake."

Kwenye kona ya wodi ile kulikuwa na mashine ya kumsaidia mtoto kupumua. Utepe mwekundu ulikuwa bado umefungwa mguuni mwake. Nikauliza kwa nini haitumiki. "Hiyo ilikuja na wapiga picha," muuguzi akajibu. "Kifaa chake kimoja kilikufa, kingine hakijaletwa." Mtoto wetu alipona. Wa kitanda cha pili hakupona.

Kwa hiyo nilipoona tangazo la mbio za kuchangia watoto njiti, sikufikiri mara mbili. Nililipa kiingilio kwa simu siku ileile, mimi ambaye mara ya mwisho kukimbia ilikuwa mchakamchaka wa shule ya msingi. Viatu nilivinunua Karume, mtumba, kimoja soli yake imelika kuliko mwenzake.

Nilianza kwa nguzo za umeme. Nakimbia kutoka nguzo hii hadi ile, natembea hadi inayofuata, nakimbia tena. Asubuhi ya kwanza, Sinza, dereva wa bodaboda alinipungia mkono: "Dada, nani anakukimbiza?" Nilikosa pumzi ya kumjibu. Baada ya mwezi nilikuwa nafika Mwenge bila kusimama. Baada ya miezi mitatu nilikuwa napanda kilima cha Mlimani saa kumi na mbili asubuhi, na mwenye bodaboda yuleyule akawa ananihesabia: "Leo umechelewa, dada." Nikajifunza kwamba mwanzoni nilikuwa naenda kasi mno, na kwamba mtu anayeweza kuzungumza huku anakimbia atafika mbali kuliko anayehema. Nikalala vizuri. Nikaacha kugombana na watu ofisini. Siku moja nikajisikia nikimwambia fundi cherehani, "Sisi wakimbiaji," nikacheka mwenyewe.

Hayo yote niliyapata mimi. Ni lazima niyaseme kwa sababu hapo ndipo udanganyifu wa mbio hizi unapoanzia. Aliyepata afya ni mimi. Aliyepata fulana, picha na makofi ni mimi. Kampuni iliyoweka jina lake mgongoni mwangu imepata tangazo linalotembea. Mtoto njiti, ambaye kwa jina lake tulikusanyika, hakuwepo, na hawezi kuuliza.

Siku ya mbio ilikuwa nzuri, siwezi kukana. Tulikuwa maelfu. Kilomita ya 17 miguu ilikuwa mizito kama mchanga uliolowa, nikamkumbuka yule muuguzi nikasogea. Kwenye utepe nilivikwa medali, na mshereheshaji akapaza sauti kwamba tumeokoa maisha. Tulishangilia. Nilishangilia na mimi.

Baada ya wiki mbili niliwaandikia waandaaji nikauliza mambo matatu: zimepatikana shilingi ngapi, mahema na muziki na fulana vimekula ngapi, na kilichobaki kimenunua nini, cha hospitali ipi. Nilijibiwa kwa shukrani na picha ya hundi ya kadibodi. Nikauliza tena. Nikaambiwa nijiandae kwa mbio za mwakani.

Rafiki zangu wameniona mkorofi. Mmoja alinikumbusha: tenda wema nenda zako. Nakubali. Wema nilioutenda mimi, nimekwenda zangu, sidai shukrani. Lakini aliyepokea fedha kwa niaba ya mtoto hana ruhusa ya kwenda zake. Hata msibani, watu wakiwa bado wamevimba macho, mweka hazina husimama kabla ya watu kutawanyika akasoma mapato na matumizi: mchele, maji, turubai, sanda, salio. Kamati ya harusi ikikosa kusoma hesabu, maneno hayaishi mtaani. Vikoba vya akina mama huhesabu sarafu mbele ya wote. Tunajua sana kudai hesabu. Kwa nini tunaacha kuijua tukivaa raba?

Wengine wanasema bila mbio hizi hospitali zitakosa hata hicho kidogo. Huenda. Lakini kidogo kisichofuatiliwa ndicho kile kilichokaa konani kimefungwa utepe. Mashine inahitaji umeme usiokatika, vipuri, fundi, na muuguzi ambaye hana watoto wengi kuliko mikono yake. Vitu hivyo haviwezi kutegemea Jumapili moja kwa mwaka. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Ahadi ile ndiyo mbio ndefu, na waliojiandikisha si sisi. Tukishangilia hundi ya kadibodi bila kuwauliza wao, tunawasaidia kupumzika.

Kabla ya kutuachia, mshereheshaji alimtaja John Stephen Akhwari, yule Mtanzania aliyeumia katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaingia uwanjani mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Tulipiga makofi. Nami nampenda Akhwari kama kila mtu. Ila tumemsoma nusu. Tunamtaja ili mkimbiaji wa kilomita ya 17 asikate tamaa. Hatumtaji kwa mwandaaji, ambaye naye ameanza jambo mbele ya watu na anatakiwa kulimaliza, hata kwa kuchechemea, hata kama hesabu ni ndogo na inatia aibu.

Sijaacha kukimbia, na simwambii mtu aache. Nimejiandikisha nyingine, ila safari hii nilituma maswali yangu matatu kabla ya kutuma hela, na waandaaji wakanipa jina la wodi na tarehe ya kusoma hesabu. Nimeiandika kalendani chini ya siku ya mbio, kwa kalamu ileile. Kama nawe una namba ya kifuani droo moja na kadi ya kliniki ya mtoto wa ndugu yako, waulize. Wakikuambia wewe ni mkorofi, waambie umetumwa na mama mkubwa.