Pampu ya moyo: nani atabaki na mgonjwa?

Mwezi Juni 2021 kampuni ya Medtronic ilisitisha uuzaji wa pampu yake ya moyo, HVAD, baada ya kubainika kwamba waliowekewa walipatwa na kiharusi na vifo kwa wingi zaidi kuliko wenye pampu nyingine za aina hiyo. Baadhi ya mitambo, ikishazimika, ilichelewa au ilikataa kuwaka tena. Bidhaa ikaondoka sokoni. Wagonjwa wapatao 4,000 duniani walikuwa wakiishi nayo kifuani.

Hao hawakuwa na duka la kuirudishia. Kampuni iliahidi kuendelea kuwahudumia, na haikushauri pampu itolewe kwa tahadhari tu, kwani upasuaji wa kuitoa nao una hatari zake.

Yafaa kulikumbuka hilo kila itangazwapo hatua mpya. Machi 2025 ilitangazwa mjini Sydney, Australia, kuwa mgonjwa mmoja ameishi zaidi ya siku 100 kwa moyo bandia wa titani, BiVACOR, hadi alipopandikizwa moyo wa binadamu. Barney Clark, aliyewekewa Jarvik-7 huko Utah, Marekani, Desemba 1982, aliishi siku 112 pasipo kutoka hospitalini, akiwa amefungwa kwenye mtambo mkubwa wa hewa. Yule wa Sydney aliruhusiwa kwenda nyumbani. Si haba.

Hata hivyo, wengi husaidiwa na pampu ya upande wa kushoto wa moyo pekee. Katika HeartMate 3, gurudumu dogo huelea kwa nguvu ya sumaku na kuisukuma damu kwenye mshipa mkuu. Katika utafiti wake, 58 kati ya kila wagonjwa 100 walikuwa hai baada ya miaka 5. Lakini waya hutoboa ngozi ya tumbo kuelekea kwenye betri zinazodumu takriban saa 17, na usiku mgonjwa huunganishwa na umeme wa nyumba. Kidonda cha waya husafishwa daima, na dawa ya kuzuia damu kuganda hupimwa mara kwa mara.

Kwa hiyo mzee aliyewekewa pampu Leicester au Minneapolis, akitamani kumalizia siku zake Tanga, swali lake la kwanza si nauli. Ni umeme ukikatika usiku kucha, na ni muuguzi wa zahanati atakayemshika mkono, asisikie mapigo, akadhani amekwisha kufa.