Munuki inahitaji fedha za kiangazi

Mwezi wa Februari khor za Munuki, hapa Juba, yaani mikondo ya asili inayobeba maji ya mvua, huwa kavu kabisa. Watu wanazikatiza kwa miguu, watoto wanachezea mpira humo ndani, na waendesha boda boda wanazifanya njia ya mkato. Ukishuka ukatazama chini, utaona zimejaa nini: chupa za maji za plastiki, mifuko, kandambili zilizokatika, majivu ya takataka zilizochomwa, na mahali pengine ukuta wa matofali ambao mtu ameusogeza kidogo kidogo mpaka ukaingia njia ya maji. Kuanzia Desemba hadi Februari hakuna mvua ya maana inayonyesha Juba. Uchafu wote huo ungeweza kuondolewa kwa koleo, matoroli na malori machache. Hauondolewi. Aprili mvua zinaanza, na kutoka hapo mpaka Oktoba kazi inayobaki ni kuokoa magodoro.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo mjadala wa maafa katika Sudan Kusini unapaswa kuanzia. Tunazungumza sana juu ya kiasi cha msaada, wakati mwezi ambao msaada unafika ndio unaoamua utafanya nini. Fedha za Februari zinazibua mtaro. Fedha za Septemba zinanunua maturubai.

Najua atakayenipinga wa kwanza ni ndugu wa Bentiu, na ana haki. Mwaka 2019 serikali ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya mafuriko, na tangu hapo maji hayajatupa nafasi ya kupumua. Mwaka 2021 yaliwaathiri watu zaidi ya 800,000, mwaka 2022 wakapita milioni moja, na mwaka 2024 wakafika milioni 1.4 hivi. Bentiu ilizingirwa ikawa kisiwa. Kambi ya waliohama makwao, uwanja wa ndege na barabara vikabaki vikitegemea matuta ya udongo yanayolindwa usiku na mchana, huku wahandisi wa Pakistan walio katika kikosi cha Umoja wa Mataifa wakiyaimarisha kwa mitambo. Old Fangak akina mama wamejenga matuta kwa mikono, kwa tope na vipande vya plastiki. Mbele ya hali kama hiyo, mtu wa Munuki anayelalamikia mtaro ulioziba anaweza kuonekana amedeka.

Lakini mafuriko haya ni ya aina mbili, na kila moja ina saa yake. Maji ya Bentiu na Bor yanatoka mbali. Ziwa Victoria lilipopanda Mei 2020 likapita kiwango cha mwaka 1964, kila mtu aliyefuatilia habari za Jinja, ambako Nile inatoka ziwani, alijua kwamba maji hayo yatashuka na Nile hadi kwenye vinamasi vya Sudd baada ya wiki na miezi. Ni mafuriko yanayotoa taarifa mapema. Yanakuja polepole, na yakishafika yanakaa, pengine kwa miaka. Maji ya Munuki hayana uhusiano na Jinja. Yanaanguka palepale na upande wa magharibi, kuelekea Jebel Kujur, ambako miti imekatwa kwa ajili ya mkaa na mawe yanapasuliwa kila siku kwa ajili ya ujenzi. Ardhi iliyokuwa ikinywa mvua sasa ina mapaa ya mabati na uwanja ulioshindiliwa na magari. Mvua ya saa moja inatosha. Maji yanakimbilia kwenye khor ili yafike mto Bahr el Jebel, yanakuta njia imezibwa, yanaingia nyumbani. Kesho yake mchana pamekauka, na hakuna ndege iliyopiga picha.

Kwa sababu hiyo utabiri wa msimu unaotolewa na kituo cha hali ya hewa cha jumuiya ya kikanda ya IGAD kule Kenya, pamoja na manufaa yake yote kwa nchi, hauwezi kumwambia mama wa Munuki aamke saa nane usiku. Kwake yeye onyo ni muungurumo wa radi upande wa mlima. Maandalizi yake ni lazima yawe yamekwisha kufanyika kabla.

Na tuangalie kwa karibu kinachotokea usiku huo, kwa kuwa taarifa rasmi hukiandika kwa maneno mawili tu, "nyumba zimeingiliwa". Choo cha shimo ndicho kinachotangulia kujaa. Uwanja mmoja wenye familia nne au tano mara nyingi una choo kimoja, na kikifurika, kilichomo kinatembea pamoja na maji hadi chini ya kitanda. Gunia la unga lililowekwa juu ya matofali mawili linanusurika, lililowekwa juu ya tofali moja linalowa. Mapipa ya maji ya kunywa, ambayo watu huyajaza kutoka kwenye malori ya maji na kuyaacha uani, yanachanganyika na uchafu ule. Asubuhi mwenye nguvu anachota maji kwa beseni na kuyamwaga nje, yaani kwa jirani. Ukutani unabaki mstari wa tope, na wenye nyumba za zamani wanaweza kukuonyesha mstari wa mwaka jana na wa mwaka juzi.

Hapo ndipo hoja ya ndugu wa Bentiu inapokutana na yangu. Kipindupindu kililipuka Juba mwaka 2014, kikarudi 2015, kikarudi tena 2016 na kuendelea mwaka uliofuata; katika mlipuko huo nchi nzima iliandikisha wagonjwa zaidi ya 20,000. Mlipuko uliotangazwa Oktoba 2024 ulianzia Renk, kwenye mlango wa wanaokimbia vita vya Sudan, na mwaka uliofuata wagonjwa wakapita 50,000. Nchi haijawahi kuona mkubwa kuliko huo tangu uhuru. Juba ndiyo njia panda ya mabasi, boti na ndege za nchi hii. Ugonjwa ukishika mizizi katika mtaa wenye watu wengi kama Munuki, utafika Bor na Bentiu kabla ya lori la dawa. Isitoshe, anayekimbia maji ya Jonglei mara nyingi huishia hapa hapa, kwa shangazi au kwa mtu wa kijiji chake, katika chumba kilichokwisha kujaa. Kuuzibua mtaro wa Munuki ni kumhudumia na yeye.

Sasa, nani afanye? Tuna Wizara ya Masuala ya Kibinadamu na Usimamizi wa Maafa. Tuna Tume ya Misaada na Ukarabati. Tuna mashirika ya kimataifa, ambayo kwa miaka mingi yamebeba kazi ambayo kwingine hubebwa na serikali. Lakini nguzo zote mbili zimetikisika. Bomba la mafuta linalopita Sudan lilipasuka Februari 2024, na nchi inayotegemea mafuta kwa zaidi ya asilimia 90 ya mapato yake ikashindwa kulipa mishahara kwa miezi mingi. Januari 2025 Marekani, mfadhili wetu mkubwa kuliko wote, ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huo huo USAID ikafungwa. Anayepanga maandalizi ya msimu ujao kwa kutegemea kwamba mtu wa mbali atakuja na helikopta anapanga kwa kumbukumbu za zamani.

Kilichobaki kiko karibu zaidi kuliko tunavyofikiri. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2009 inaitambua miji kwa ngazi za baraza la jiji, baraza la bloku na baraza la mtaa. Munuki ni mojawapo ya bloku tatu za Baraza la Jiji la Juba, pamoja na Kator na Juba yenyewe. Kwenye karatasi, basi, chombo kipo. Na mitaani wapo wazee na viongozi wanaojua uwanja upi una mjane, upi una mgonjwa asiyeweza kutembea, na ukuta wa nani umeingia khor. Chombo hicho hakina mfuko, wala mamlaka ya kuita vibarua mwezi wa Februari na kuwalipa. Viongozi wa mitaa wanaitwa Septemba kuonyesha njia kwa wageni wenye fulana za mashirika, na wakishamaliza kuonyesha wanashukuriwa.

Ukame umewafundisha Wakenya jambo ambalo sisi wa mafuriko tunaweza kulichukua. Katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, mpango wa fedha unaosimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Kudhibiti Ukame ulisajili kaya na kuzifungulia akaunti za benki mapema, hata kaya ambazo hazilipwi kila wakati. Picha za satelaiti zikionyesha malisho yamekauka kupita kiwango kilichokubaliwa, kaya za ziada zinalipwa. Hakuna anayesubiri picha za mizoga. Turkana inapakana na Kapoeta yetu. Ni mambo ya jirani haya. Kwetu kipimo kinaweza kuwa chepesi zaidi, yaani kalenda. Ikifika tarehe fulani ya Februari, fedha za vibarua zinatoka, mvua iwe nyingi au kidogo mwaka huo.

Nasikia pingamizi la pili, nalo ni zito: ukimpa kiongozi wa mtaa mfuko, utaliwa. Siwezi kulipuuza katika nchi hii. Lakini fedha za maafa haziliwi mitaani pekee. Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 2016, Rais John Magufuli wa Tanzania aliwatengua Katibu Tawala wa mkoa na mkurugenzi wa manispaa ya Bukoba kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine iliyobeba jina lile lile la akaunti ya michango ya maafa. Hao walikuwa maofisa wakubwa wenye ofisi na mihuri. Tofauti ni kwamba kibarua aliyefukua mtaro mbele ya nyumba yangu namwona. Kiasi kilichotolewa, majina ya waliolipwa na urefu wa mtaro uliosafishwa vikibandikwa kwenye mlango wa kanisa, msikiti na ofisi ya bloku, wakazi wenyewe wataenda kupima kwa hatua. Fedha ndogo zinazotumika mahali panapoonekana ni rahisi kuzilinda kuliko fedha nyingi zinazotumika kwenye ripoti.

Kuna wanaosema dawa ni kuwaondoa watu kandokando ya khor. Wana sehemu ya ukweli. Zipo nyumba ambazo hazikupaswa kujengwa pale zilipo. Ila tuliona Nairobi ilivyokuwa mwaka 2024. Mvua za Aprili na Mei ziliua watu Mathare, kisha serikali ikaamuru waliobaki kwenye mita 30 za mto waondoke, matingatinga yakaja, na kila kaya ikaahidiwa shilingi 10,000. Watu wakavunjiwa kabla hawajajua watalala wapi. Juba nayo ina kumbukumbu yake ya bomoabomoa, hasa ile ya 2009. Katika mji ambao hati ya kiwanja inaweza kugombaniwa na watu watatu, kila mmoja na karatasi yake, kumhamisha mtu kwa jina la usalama bila kumpa kiwanja chenye hati ni kumwongezea janga la pili. Kwanza kiwanja, kisha tingatinga. Utaratibu huo ukigeuzwa, mimi nitakuwa upande wa wanaokataa kuhama.

Na maji si janga pekee la kuandikia mipango. Shule zilifungwa kwa wiki mbili Machi 2024 kwa sababu ya joto, zikafungwa tena Februari 2025 baada ya wanafunzi kuanguka madarasani hapa Juba. Darasa la mabati bila mti uani ni hatari inayojulikana. Na wazee wanalikumbuka tetemeko la 20 Mei 1990, lenye ukubwa wa zaidi ya 7, lililotikisa eneo hili zima. Wakati ule maghorofa ya Juba yalihesabika. Leo yanapanda kila robo ya mji, na ningependa kujua ni mangapi yamekaguliwa nondo zake.

Nirudi kwa walioathirika, maana hapo ndipo tunapokosea kimyakimya. Turubai, ndoo na sabuni vinasaidia wiki ya kwanza, wala sivibezi. Lakini mfikirie mama anayeuza chai kando ya barabara. Mtaji wake wote ni sukari, majani, mkaa, birika na viti vya plastiki, pamoja na zamu yake katika sanduk, yaani mfuko wa kuchangiana kwa zamu, ya wenzake. Maji yakiingia usiku mmoja, sukari na mkaa vimekwenda. Mwezi ule anashindwa kutoa mchango, na wenzake kumi wanakosa kwa sababu yake. Hakuna turubai linaloziba pengo hilo. Fedha taslimu ndani ya siku chache, za kutosha kununua gunia la mkaa na sukari, zinamrudisha barabarani kabla hajaanza kukopa kwa riba. Ndoo itamkuta bado amekaa nyumbani.

Halafu kuna wapangaji, ambao ni wengi Munuki na hawaonekani kwenye tathmini. Mthamini anafika, anauliza mwenye nyumba ni nani, anaandika jina la mtu ambaye pengine anaishi Kampala. Mpangaji aliyelipa kodi ya miezi kadhaa mbele, akapoteza godoro, vyeti vya watoto na mashine ya kushonea, hayumo. Kosa hili linarekebishika bila kusubiri bajeti ya taifa. Wakazi wengi wa hapa wamewahi kupita makazi ya wakimbizi ya Kakuma, Adjumani au Bidi Bidi; wanajua kuandikishwa ni nini, na wanajua orodha nzuri na orodha mbaya zinavyotofautiana. Orodha ya Munuki iandikwe Januari, uwanja kwa uwanja, kwa jina la anayelala humo, na namba ya simu inayoweza kupokea pesa. Viongozi wa mitaa tayari wanajua nani anakaa wapi. Wanachohitaji ni madaftari, posho ya waandishi, na barua ya Baraza la Jiji inayolitaka kila shirika litakaloleta msaada Munuki lianze na daftari hilo.