MAMBO YA NYUMBANI: Amtunzaye Mzee Naye Huchoka

Katika vijiji vya Marungu, upande wa Voi, ni desturi njema kwamba mzee aliyeishiwa na nguvu hutunzwa nyumbani. Lakini aghalabu kazi hiyo humwangukia mtu mmoja tu, binti asiyeolewa au mke wa mwana, na ndugu walio kazini Mombasa na Nairobi hudhani kwamba kupeleka fedha mwisho wa mwezi kwatosha.

Haitoshi. Mama huyo huchota maji mbali wakati wa kiangazi, hupika, humwosha mzee na kumgeuza kitandani. Kama akili za mzee zimeanza kupotea, huamka usiku akataka kutoka kutafuta ng'ombe waliokwisha kuuzwa zamani. Na nje, katika nchi hii ipakanayo na mbuga ya Tsavo, huenda ndovu wamo shambani. Basi mtunzaji hulala sikio likiwa mlangoni. Mwezi hata mwezi, huanza kuumwa kichwa, hukosa hamu ya chakula, humkaripia mzee kwa jambo dogo, kisha hulia peke yake jikoni. Majirani husema ana moyo mbaya. Kweli ni kwamba hajalala.

Mwaka 1999 wataalamu wa Marekani walitangaza uchunguzi wa miaka 4 juu ya wazee waliowatunza wake zao au waume zao wagonjwa. Wale walioelemewa na kazi hiyo walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wenzao wasiotunza mgonjwa.

Serikali ya Kenya huwapa wazee waliotimiza miaka 70 na kuandikishwa katika mpango wa Inua Jamii shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni msaada wa kweli, ila fedha haziwezi kukesha. Wawezao kukesha ni jamaa. Yafaa wakutane, na wanaume wawemo (haikuandikwa popote kwamba kazi hii ni ya wanawake peke yao), wapange zamu kwa siku na kwa majina: nani atalala kwa mzee Ijumaa na Jumamosi, nani atatumia wiki 2 za likizo yake ili mama aende kwao kupumzika.

Mzee aliyechanganyikiwa ghafula apelekwe hospitali ya Voi, kwani huenda ni maradhi yanayotibika, wala si uzee. Na mtunzaji akosaye usingizi hata usiku usio wa zamu yake, naye akaonane na daktari, asingoje mpaka aanguke.