Haki Kwanza, Maelewano Baadaye

Ubaguzi hauji siku zote na rungu mkononi. Mara nyingine hubisha hodi kwa adabu na kukaribishwa kiti. Ndivyo unavyoonekana katika A Raisin in the Sun, filamu ya Kimarekani ya mwaka 1961 iliyotokana na mchezo wa kuigiza wa Lorraine Hansberry.

Familia ya Younger, Wamarekani weusi watano, imebanana katika vyumba vichache mjini Chicago. Mtoto hulala sebuleni, na choo ni cha shirika na wapangaji wengine. Zinapopatikana dola 10,000 za bima ya marehemu baba, mama mzee anatanguliza malipo ya nyumba katika mtaa wa Wazungu. Kabla hawajahama, anafika Bwana Lindner, mjumbe wa wakazi wa huko. Hatukani mtu. Anazungumzia maelewano, kisha anatoa ahadi ya fedha ili familia hiyo isihamie.

Hapo ndipo penye funzo. Maelewano ya Lindner ni ya upande mmoja: mweusi aelewe kwamba mahali pake si pale. Hiyo ni chuki iliyovikwa kanzu safi.

Wala jambo hilo si la kubuni tu. Mwaka 1937 Carl Hansberry, baba wa mwandishi, alinunua nyumba Chicago katika mtaa ambao mikataba ya wenye nyumba iliwakataza weusi kuishi. Mwaka 1940 alishinda shauri katika Mahakama ya Juu, lakini kwa hoja ya utaratibu wa kesi. Mikataba yenyewe haikuguswa. Mwaka 1948 ndipo mahakama zilipozuiwa kuitekeleza, na sheria ya kukataza ubaguzi wa makazi ikapatikana mwaka 1968.

Katika filamu, Walter, aliyeigizwa na Sidney Poitier, anatapeliwa sehemu kubwa ya fedha za bima. Kwa uchungu anamwita Lindner azipokee zile za fedheha. Lakini mbele ya mwanawe mdogo anashindwa kuuza utu wa ukoo wake. Anakataa, nao wanahama.

Filamu inaishia hapo, majirani wakiwa bado hawajapatana. Huo ndio ukweli wake. Watu hawawezi kuelewana ikiwa mmoja yumo ndani na mwenzake amefungiwa nje. Anayehubiri ujirani mwema hana budi kwanza kufungua mlango.