Pichesi za Kopo Si Heshima ya Harusi



Leo nasema, na wa kununa anune. Hizi pichesi za kopo tunazopanga juu ya keki na kwenye bakuli za kastadi siku ya walima, tuache kuziita heshima. Mimi nashona nguo za maharusi. Siku hizi nikimpima mtu kiuno nasikia hesabu ya makopo kabla ya hesabu ya kitambaa, na pesa ya ukumbi bado haijatimia!

Kwanza tulijue tunda lenyewe. Pichesi, wengine wanaita fyulisi, asili yake ni Uchina. Ni tunda la baridi. Mti wake usipopata baridi ya kutosha hautoi maua vizuri, ndiyo maana linastawi Lushoto na Njombe, na kule Oman linapatikana juu milimani Jabal Akhdar. Ya manjano ina utamu wenye uchachu kidogo. Nyeupe haina uchachu sana na inanukia zaidi. Iko inayoachia kokwa kwa urahisi, na iko inayong'ang'ania. Hata nektarini ni pichesi, ila haina vile vinyweleo.

Sasa ile ya kopo mara nyingi ni aina inayong'ang'ania kokwa, kwa sababu nyama yake ni ngumu na haisambaratiki ikipikwa. Ikishachemshwa na kulala kwenye maji ya sukari, harufu nyingi imekwenda. Umebaki na rangi na sukari. Na pale meza ya mbele wamekaa kina mama na mashangazi wenye kisukari, tunawakaribisha kwa tabasamu.

Mtaniambia, "Embe ni la kila siku, wageni watasema tumefulia." Nani kasema? Embe boribo lililoiva, likakatwa vipande na kukamuliwa ndimu, kopo halilifikii kwa harufu wala kwa ladha. Sisi tunaliacha lioze chini ya mwembe, tunakwenda kukopa kwa ajili ya kopo. Hiyo ni israfu, na dini yetu haikuiruhusu hata siku ya furaha.

Mwingine atasema kopo halina msimu. Kweli. Lakini embe likikosekana lipo nanasi, lipo papai. Kopo moja la nyumbani, ukamwaga maji yake, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni biharusi kuanza ndoa na deni la makopo.

Na anayetaka pichesi kweli, basi atake pichesi kweli. Agiza Lushoto msimu wake, mwisho wa mwaka, zishuke Dar es Salaam zipande boti. Zipangwe safu moja kwenye boksi, maana huchubuka upesi. Chagua inayonukia na inayobonyea kidogo karibu na kikonyo. Iliyochumwa changa italainika nyumbani, lakini utamu hautoongezeka.

Kumenya ni rahisi: itumbukize kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika, kisha kwenye maji baridi, ganda litavuka lenyewe. Ikamulie ndimu isigeuke rangi. Ipike moto mdogo kwa sukari kidogo, mdalasini, iliki na karafuu zetu tatu. Hapo ndipo utajua karafuu na pichesi wanavyopendana. Zile ngumu zifanye achari ya pilipili, uweke pembeni ya pilau. Mbegu iliyo ndani ya kokwa usiisage wala usiitafune, ina sumu.

Mgeni hatokumbuka tunda lako lilitoka nchi gani. Atakumbuka kama lilikuwa tamu, na wewe utakumbuka deni. Kwa hiyo, biharusi, kabla hujamlipa mpishi wako muulize swali moja tu: hizi pichesi ulizonihesabia, ni za mtini au za kopo? Akisema za kopo, mwambie akuhesabie maembe.