Bibi Zetu Nao Tuwaandike

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Toka nilipokuwa chuoni, juzuu mkononi, methali hii nimeisikia ikitajwa kwa fahari. Lakini sijamsikia mtu akiuliza: na yule ambaye asili yake ni huo utumwa wenyewe, aishike au aiache?

Swali hili lilinijia nyumbani kwangu hapa Malindi. Binti yangu alinifuata barazani baada ya sala ya Isha, simu mkononi, akaniambia, "Baba, nataka kuandika shajara ya ukoo wetu. Kwenye intaneti watu hutafuta bure." Nikafurahi, tukaketi.

Alianza na FamilySearch, ambayo huendeshwa na kanisa la Wamormoni wa Marekani na haitozi hata senti moja. Mtu hujiandikisha tu. Mtambo ukatutaka jina la ukoo. Sisi tuna bin na binti, kila mtu na jina la babake. Basi tukaona baba yuko ukoo huu na mwanawe ukoo mwingine! Tulitafuta hadi usiku wa manane, tusipate kitu. Wala si ajabu. Hazina ile imejengwa zaidi kwa vitabu vya ubatizo, sensa na kumbukumbu za serikali, na babu zetu hawakubatizwa.

Tukaitazama Slave Voyages, nayo ni bure, yenye habari za safari zaidi ya 36,000 za merikebu za watumwa. Nyingi zilivuka Atlantiki, kwa kuwa wafanyabiashara wa Ulaya waliandika mizigo yao, hata ilipokuwa binadamu. Majahazi yaliyoleta watu Malindi kutoka Kilwa na Unguja hayakutuachia daftari kama zile.

Lakini watu waliletwa, ndugu msomaji. Mji huu ulipofufuka katika karne ya 19 chini ya masultani wa Unguja, mashamba yake ya mtama na ufuta yalilimwa na watumwa kwa maelfu. Sheria ya kufuta utumwa katika pwani hii ilikuja 1907. Watu wale hawakuyeyuka kama chumvi. Walioa, wakaolewa, wakazaa. Wajukuu wao ni sisi.

Kesho yake nilikwenda kwa shangazi yangu, ambaye umri wake umepita miaka themanini. Nikambusu mkono, nikamwuliza. Upande wa wanaume alinihesabia majina saba mpaka Hadhramaut bila kukwama. Nilipouliza mamake babu alikuwa nani, akajifunika mtandio, akanyamaza. Mwisho akasema, "Alikuwa Mnyasa, mwanangu. Aliletwa. Usiandike."

Hapa ndipo penye hoja yangu. Nasaba nyingi za pwani yetu ni za wanaume, na wanaume wenyewe ni wale wa ng'ambo. Katika sheria yetu mwana wa suria aliyezaliwa na bwana wake ni huru, na nasaba yake ni ya babake. Hilo lilikuwa hifadhi kwa mtoto. Lakini sisi tumelifanya sababu ya kumfuta mama. Vivyo hivyo tumewafuta mabibi wa Kigiriama waliosilimu na kuolewa mjini. Shajara ya namna hiyo ni nusu ya mti.

Nikamwambia shangazi: kila anayehiji hukimbia baina ya Safa na Marwa akifuata nyayo za bibi Hajar, aliyekuwa kijakazi. Ikiwa Mwenyezi Mungu amezifanya nyayo zake kuwa ibada, sisi ni nani hata tumwonee haya bibi yetu? Alikaa kitambo, akanitajia jina. Kisha akaniwekea sharti: "Daftarini sawa. Gazetini usilitie." Nami natii.

Simkatazi kijana yeyote kutafuta kwenye intaneti. Chuo cha SOAS cha London kimeweka humo hati za Kiswahili za khati ya Kiarabu, na British Library, kwa mpango wake wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, imepigisha picha vitabu vya Msikiti wa Riyadha, Lamu. Sisi tuliosoma chuoni tuna ufunguo wa khati ile, basi tuwafunze watoto wetu. Lakini mtafutaji aanze nyumbani. Afungue sanduku la bibi, atazame kurasa za mwanzo za msahafu wa zamani, aulize kwa kadhi, kwani sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Kiislamu ilitoka 1906. Simu hiyo hiyo inanasa sauti: na imnase mzee akiwa hai. Mtandao utakuwapo mwakani. Shangazi yangu, Mungu ndiye ajuaye.

Mtume ametuhimiza kujua nasaba zetu ili tuunge udugu, si ili tupimane damu. Basi kwa yule niliyemwuliza mwanzo, jibu langu ni hili: aishike. Katika daftari la binti yangu, juu ya jina la babu, sasa pana majina mawili, la babake na la mamake. La mama limeandikwa kwa wino ule ule.